Mama Nyasatu Yupo Kazini

Kila mwezi hawakosekani vijana wawili watatu wanaobisha hodi kwangu hapa Mukendo, mjini Musoma, kompyuta mgongoni. Wameanzisha chama cha kusaidia watu na wanatafuta fedha. Wanakunywa chai, wanasifu maua yangu ambayo hata hayajastawi, halafu wanafika kwenye shabaha: Bibi, enzi zenu mlipataje misaada ya makampuni? Mimi huwaambia wakae vizuri, maana jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza wanaiandika harakaharaka. Ikifika ya pili, wengi wao hukumbuka ghafla kwamba wana safari. Ndiyo maana leo nimeamua kuiandika, nione mtanikimbiaje.

Nilikuwa katibu wa chama cha akina mama tangu Uhuru ungali mpya mpaka magoti yakakataa baiskeli. Tulilea watoto wachanga waliofiwa na mama zao siku ya kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Ofisi ilikuwa chumba kimoja hapa mjini, nyuma ya fundi cherehani, na nyumba ya watoto ilikuwa juu ya kilima upande wa Butiama. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu, kutunza hesabu, na kwenda kuomba bila kuonekana naomba. Hiyo ya mwisho hakuna shule inayoifundisha.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa kilio mwanzo mpaka mwisho. Kulikuwa na kampuni ya nje iliyokuwa ikinunua pamba ya kwetu, nayo ilikuwa na mfuko wake wa hisani wenye ofisi Mwanza. Sisi tuliuita Mfuko, basi. Niliwaandikia kwamba paa linavuja, watoto wanateseka, sisi ni wanyonge, mtuhurumie kwa saruji na mabati. Machozi yalinitoka mwenyewe nikiipiga taipu, nikawa na hakika kwamba jibu litakuja na lori. Likaja la mistari michache: Mfuko haujengi nyumba, unafundisha watu kazi. Nilikasirika wiki nzima.

Aliyenifungua macho ni mzee Magesa wa Bunda, aliyekuwa karani kwenye kinu cha pamba mpaka akastaafu. Ugoro wake alikuwa mchoyo nao, lakini akili aligawa bure. Aliniuliza kama nimewahi kuona kampuni ya pamba ikimgawia mkulima shati. Nikasema hapana. Akauliza inampa nini. Nikasema mbegu.

"Basi na wewe omba mbegu," akasema. "Shati wakishakupa wanasahauga. Mbegu wanarudiga kuitazama."

Andikeni hilo, ndilo sehemu ya kwanza karibu yote. Siku hizi mnaita kujenga uwezo, sisi tulisema msaada wa mafunzo, lakini mbwa ni yuleyule. Mfuko wa kampuni una jina la kulinda, na jina hilo halilindwi na ukuta utakaopasuka. Linalindwa na mtu aliyefundishwa, ambaye miaka kumi baadaye atakuwa bado anafanya kazi nzuri na watu wanauliza alijifunzia wapi. Kwa hiyo usiwaambie unavyoteseka. Waambie unachokijua tayari, unapokwama, nani atafundishwa, na baada ya fedha zao kwisha nani ataendelea. Waonyeshe pia mkono wako mwenyewe. Sisi tulikuwa na shamba la ulezi na kipande cha pamba, tukilima wenyewe, na miaka ile ya kujitegemea mgeni akiona mikono yenye sugu alilegea kabla hujasema neno.

Na msimsafishie mgeni nyumba kupita kiasi. Mgeni wetu wa kwanza kutoka Mfuko tulimwandalia mpaka tukapitiliza: watoto wamepakwa mafuta wanang'aa, nepi zote tumezificha nyuma ya nyumba chini ya turubai. Akazunguka nyumba nzima, akauliza watoto hawa wanajisaidia wapi. Kabla sijapata uongo wa kumjibu, beberu wetu akatokea kwenye kona na nepi moja ikining'inia kwenye pembe lake, akasimama mbele ya mgeni kama shahidi mahakamani. Mgeni hakucheka. Alisema atarudi siku ambayo tuko kazini.

Kosa jingine, na hapa ndipo tunaanza kuteremka kwenye sehemu ya pili, ni chama kizima kuning'inia shingoni mwa mtu mmoja. Akifa, mnaanguka wote. Mfuko uliliogopa hilo kuliko wizi. Na sisi kwa nje tulionekana hivyohivyo, tumemning'inia mama Nyasatu.

Mama Nyasatu ndiye aliyeianzisha nyumba ya watoto. Alikuwa mwanamke mfupi, mguu wa kulia aliuburuta kidogo kwa sababu ya jeraha la zamani la jembe, na mtoto alimbeba mkono wa kushoto tu. Kabla ya kuingia chumba cha watoto alisimama mlangoni akakohoa mara moja, kikohozi kikavu, ili wasishtuke. Wakikisikia hicho kikohozi, hata waliokuwa wakilia walinyamaza. Alijua kupunguza maziwa ya ng'ombe kwa maji na kuyapasha mpaka yamkubali mtoto wa siku mbili, na alijua kwa kunusa tu utosi wa mtoto kama ataishi. Sikupenda alipofanya hivyo. Alikuwa hakosei.

Sasa sikilizeni desturi ya akina mama wale, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu Mara mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na wazee humsalimia kama huyo marehemu mwenyewe, hilo mnalijua. Kile chama kiliichukua desturi hiyo kikaitia kwenye kazi. Mwanachama akifa, kazi yake haikuachwa ilale. Matanga yakiisha, akina mama walikiosha kitambaa cha kaniki alichokuwa akijifunga kifuani, wakamfunga mwingine waliyemchagua. Tangu asubuhi hiyo, kitambaa kikiwa kifuani, mtu huyo aliitwa jina la marehemu na alifanya kila kitu kama marehemu, hata kukohoa, hata kuchechemea, ili watoto wasijue kwamba wameachwa mara ya pili. Jioni kazi ikiisha, mwenzake alimjia kwa nyuma, akafungua fundo la kitambaa na kumwita jina lake la kuzaliwa. Yeye aliitika "Abee," akanawa mikono. Hakuna aliyekula kabla hajaitika.

Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilidhani ni mchezo. Mama Nyabise, aliyekuwa wa pili kwa ukubwa nyumbani, chini ya Nyasatu, alimfungua mwenzake mmoja, akaita jina, yule mama akaendelea kukunja nepi. Akaita tena. Chakula kipo mezani, wanawake wazima wamesimama wima na hakuna anayetabasamu. Alipoitika hatimaye, nilisikia chumba kizima kikishusha pumzi. Mimi ni Mkatoliki, nimelelewa na masista, na nilijiambia kwamba ni mambo ya watu wa zamani. Lakini chakula changu siku hiyo kilinishinda.

Ikaja miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Kilima chetu kilitakiwa kihamwe, watu wote washuke kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Katibu Tarafa alikuja, mtu mstaarabu, akatueleza wazi. Kijiji kipya kitatupa jengo la matofali karibu na zahanati ikiwa tutakuwa na mlezi mwenye mafunzo ya kulea wachanga. Tusipompata, nyumba itafungwa na watoto watarudishwa kwa ndugu zao. Alisema hivyo bila ubaya wowote, lakini sisi tulijua maana yake. Watoto waliowahi kuchukuliwa mapema kwenda kwa ndugu wasio na maziwa tuliwazika sisi wenyewe. Mwaka ule nyumba ilikuwa imejaa.

Nikawaandikia Mfuko, safari hii bila machozi. Wakamleta mtathmini mpya, Bwana Idrisa, mtu wa pwani, mwembamba, shati limepigwa pasi hata mikunjo ya kiwiko. Alianzia hapa Musoma ofisini, na mama Nyasatu alikuwa ameteremka mjini kuonana naye. Nilimpa Bwana Idrisa chai, akakinusa kikombe kabla ya kunywa. Nikampa maji, akanusa na bilauri. Nikaona huyu ananiona mchafu, nikaenda jikoni kwa fundi kuosha vyombo upya huku nikimsengenya kimoyomoyo. Niliporudi, macho ya Bwana Idrisa yalikuwa mekundu. Hakuna aliyeniambia kilichozungumzwa. Akaahidi kuja kilimani mwezi unaofuata, aone kazi, ndipo aamue.

Siku chache baada ya kurudi kilimani, mama Nyasatu alianguka shambani saa sita mchana, katikati ya ulezi. Hakuugua. Hakuaga mtu. Walimkuta jembe bado liko mkononi.

Nilikuwa na huzuni, nami nawaambia ukweli kwamba chini ya huzuni kulikuwa na hesabu. Mfuko ulikuwa na sharti kwamba kiongozi wa kazi akifa kabla ya tathmini, ombi linawekwa kando mpaka awamu nyingine. Awamu nyingine ingetukuta tumeshafungwa. Mzee Magesa alinishauri nisifiche, kwa sababu mfu hafichiki, ananuka. Nikaandika barua ya kumjulisha Bwana Idrisa, nikaipeleka posta, lakini jeep yake na barua yangu vilipishana njiani. Alifika hana habari. Nami nikapanda naye jeep kwenda kilimani nikipanga maneno ya kumwambia.

Sikuyasema. Njia ilininyamazisha. Watu walikuwa wamehama tayari sehemu kubwa ya kilima, milango imeng'olewa, mapaa yameezuliwa, mafiga yamebaki na majivu yake. Jua lilikuwa utosini. Jeep ilikwama kwenye mawe, tukashuka tukatembea. Tulipopita mji mmoja mtupu, wa familia iliyokwisha hama, Bwana Idrisa akasimama akasema kwamba humo kuna mtu anatwanga. Nilisikia na mimi, twa, twa, mchi ndani ya kinu. Nikamwambia ni mwangwi kutoka kwetu kilimani. Tulipofika, nilitazama kinu chetu. Kilikuwa kimeinamishwa ukutani, kikavu.

Mama Nyabise alitupokea. Bwana Idrisa akamwulizia mama Nyasatu.

"Yupo kazini," akasema mama Nyabise.

Nilimkanyaga mguu. Akanitazama akishangaa kweli, kwa sababu kwake yeye huo haukuwa uongo. Kutoka ndani tukasikia kikohozi kimoja kikavu mlangoni, na mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza. Bwana Idrisa akatabasamu na kuingia. Mimi nikamfuata.

Aliyekuwa ndani alikuwa Wakuru, binti kutoka kijiji cha Guta, hajafika hata umri wa kuitwa mama. Alikuwa amekaa chini, kaniki ya marehemu kifuani, mtoto mkono wa kushoto, anamnywesha kwa kijiko. Walimchagua kwa sababu siku za matanga watoto walitulia kwake. Bwana Idrisa alisimama, akamtazama, akanitazama mimi. Akasema taratibu kwamba huyu si mwanamke aliyekutana naye Musoma.

"Ndio yeye," akasema mama Nyabise. "Mwili ndio tulizika. Kazi hatuzikaga."

Hapo ndipo nilipolazimika kueleza kifo, shamba, barua iliyopishana naye, desturi, yote kwa pumzi moja. Aliinama akachukua mkoba wake. Alisema kwa upole kwamba amesikia mengi katika kazi yake, lakini chama kinachomwonyesha maiti kama mfanyakazi hajawahi kukutana nacho. Niliwatazama wale watoto wamepangwa kwenye mkeka nikaona kila mmoja anakwenda wapi. Nilitaka kulia, na kilio changu nilikuwa nimeshafundishwa kwamba hakimsaidii mtu.

Mlangoni akageuka. Nadhani alitaka tu kutuaibisha, aondoke na moyo mweupe. Akamwambia Wakuru kwamba kama yeye ndiye Nyasatu, basi aseme: walipokuwa Musoma, mimi nilipotoka, Bwana Idrisa alimwuliza nini.

Wakuru hakuinua uso. Alisubiri mtoto ameze.

"Uliuliza kama mtoto aliyefiwa na mama yake siku ya kuzaliwa anaweza kumjua mama yake," akasema. "Nikakwambia anamjuaga kwa harufu. Nikakwambia na wewe bado unamtafuta, ndio maana kila kikombe unanusaga kwanza."

Mkoba ulimponyoka Bwana Idrisa. Hakuuokota. Alikaa kwenye mkeka, na shati lake la pasi, katikati ya watoto wale. Sauti ile haikuwa ya msichana wa Guta. Ilikuwa na ule mkwaruzo wa mama Nyasatu mwishoni mwa maneno.

Mnataka kujua Wakuru alijuaje. Mimi nimejiuliza mpaka nimechoka. Nyasatu angeweza kumsimulia mtu, huyo mtu akamsimulia Wakuru. Lakini siku zile zote kati ya Musoma na kifo, Wakuru alikuwa Guta akimsaidia mama yake kuchuma pamba. Alikuja kilimani kwenye mazishi. Niliwauliza akina mama mmoja mmoja. Kila mmoja alisema Nyasatu hakumwambia chochote kuhusu yule bwana, na kila mmoja alinishangaa kwa nini nauliza.

Mfuko ulitupa msaada. Bwana Idrisa aliandika taarifa ambayo sikuwahi kuiona, ila aliniambia kwamba katika vyama vyote alivyotembelea, ni hiki kimoja tu kilichokuwa kimejibu swali la nani ataendelea. Wangemsomesha mlezi wetu Mwanza kwa miezi kadhaa, hosteli, chakula na nauli juu yao, na mimi wangenifundisha kutunza hesabu kisasa. Tuliimba. Katibu Tarafa alituonyesha jengo letu la matofali.

Tukakaa kuandika bajeti, mimi, Bwana Idrisa na mama Nyabise. Mama Nyabise akasema waende wawili. Bwana Idrisa akauliza wa pili atasomea nini. Akajibu kwamba huyo hasomi, kazi yake ni kumfungua mwenzake jioni na kumwita jina. Bwana Idrisa hakumdharau, hata kidogo, baada ya aliyoyaona. Alipitisha kalamu kwenye safu za fomu, moja moja. Mwisho akasema hana safu ya kuandika mtu wa namna hiyo, wala hajui makao makuu yatamlipa kwa jina gani. Mama Nyabise akamwambia aandike mwitaji. Hakuandika. Jengo lilikuwa linatusubiri na watoto walikuwa bado kilimani, kwa hiyo mama Nyabise akanyamaza, na chama kikakubali Wakuru aende peke yake. Kwa kuwa msaada ulitolewa kwa jina la Nyasatu, chuoni pia aliandikishwa Nyasatu.

Kwa hiyo mnapoandika bajeti zenu, wanangu, wekeni nauli, wekeni posho, wekeni karatasi. Halafu jiulizeni yule mnayempeleka akajengwe, jioni nani atamwita kwa jina lake. Msipate aibu kumwombea fedha mtu huyo. Mpeni cheo chochote wafadhili wanachokielewa, mwiteni mratibu, mwiteni mpishi, lakini aende.

Wakuru alirudi kwa meli. Nilikwenda kumpokea gatini hapa Musoma, nimevaa gauni langu la kanisani kwa furaha. Abiria walishuka, nami nikamwona kwa mbali anakuja akiburuta mguu wa kulia. Nikajiambia amezoea tu. Nikamwita, karibu nyumbani Wakuru. Akageuka nyuma kutazama ninamkaribisha nani. Kisha akanikumbatia, akaniuliza hali ya watoto kwa majina yao, mmoja mmoja, hata wale waliokuwa wamelelewa na kuondoka kabla Wakuru hajafika kwetu.

Kazi aliifanya vizuri kuliko tulivyoota. Watoto walinenepa. Mwaka ule hatukuzika hata mmoja, na wakubwa wa Mfuko walikuja wakapiga picha. Lakini kila jioni mama Nyabise alimfungua kaniki, akamwita Wakuru, akamwita tena, akina mama wamesimama na chakula kinapoa. Yeye aliwatazama kwa huruma akawaambia wale chakula chao, kwa nini walale njaa. Mwanzoni walikataa kula. Baadaye, mtu hawezi kushinda na njaa kila siku, wakala wakitazama chini. Niliogopa kumkaribia, nalisema bila haya. Nilianza kutafuta visingizio vya kubaki Musoma.

Mwisho mama Nyabise akasema limebaki jambo moja. Aliyempa mtoto jina ndiye mwenye jina, aletwe mama yake.

Mama yake Wakuru alikuja kutoka Guta asubuhi moja, mwanamke mkulima, miguu ina vumbi la njiani, amebeba kuku wa kumpongeza binti yake kwa masomo. Hakuna aliyekuwa amemweleza sawasawa; nani angeanza vipi. Binti alikuwa uani kwenye jua, anaanika nepi, ametupa mgongo. Akina mama wote walitoka wakasimama kando ya ukuta. Nilikuwepo.

"Wakuru," akaita.

Yule aliendelea kuanika. Mama yake akacheka kidogo, akadhani hajasikia. Akasogea, akaita tena kwa sauti ya kumwitia mtu shambani. Kisha akaita kwa lugha ya nyumbani kwao, jina na maneno mengine ambayo mama humwambia mtoto akiwa mdogo, na hayo siwaandikii hapa. Nepi moja, kibanio. Nepi nyingine, kibanio. Mama Nyabise alianza kulia bila sauti. Mama yake Wakuru alitutazama sisi sote, uso mmoja baada ya mwingine, na nikaona ameelewa bila kuambiwa. Akamweka kuku chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, akakaza sauti.

"Mama Nyasatu."

"Abee, mama." Akageuka papo hapo, akitabasamu.

"Mimi ni mtu wa Guta. Nina binti yangu anaitwaga Wakuru, nasikia alikwendaga Mwanza na wewe. Ukimwona, mwambie nimekuja."

"Nitamwambia," akasema, na akaenda akiburuta mguu kumletea kiti, maana mgeni alikuwa ametoka mbali.